Leo Sisali

Ramadhani mbili mfululizo nilifunga mwezi mzima, bila kubaki na siku hata moja ya kulipa. Sala tano nilizisali mwaka hadi mwaka, sikukatisha. Mwenye hedhi hafungi wala hasali, kwa hiyo mwanamke yeyote wa hapa kwetu Handeni anajua maana yake. Hedhi yangu ilikuwa imekoma, nami nina miaka ishirini na tisa.

Aliyekuwa akizihesabu sala zangu ni mama mkwe wangu, Mwanaidi. Mwanzoni alifurahi, akanikataza kubeba ndoo akidhani nina mimba. Miezi kumi ikapita, tumbo liko vilevile, na siku moja akaona gauni langu limelowa kifuani. Maziwa. Papo hapo akatoa hukumu: nimeolewa na jini, nimemzalia, na mtoto wake ndiye ananyonya. Mume wangu Twaha aliyasikiliza hayo yote akitafuna muwa. Nilitamani kumpokonya ule muwa nimchape nao.

Kwa mganga sikwenda. Nilipanda basi hadi Korogwe, nikamweleza daktari, mama wa makamo aitwaye Josefina, bila kuficha kitu. Akachukua damu ikapimwe. Niliporudi, majibu yalikuwa mezani kwake.

"Chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama kunde," aliniambia. "Mwanamke akijifungua, tezi hiyo hutoa homoni ya kutengeneza maziwa. Yako inaitoa bila mtoto. Sasa homoni hiyo ikizidi, zile zinazokomaza mayai zinanyamaza. Yai halikomai, hedhi haiji, mimba haipatikani."

"Kwa hiyo si jini?"

"Kama ni jini, basi huyu anaondoka kwa nusu kidonge mara mbili kwa wiki."

Nilicheka mpaka nikalia. Kumbe hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaamini.

Vidonge sikuvificha. Niliviweka juu ya kabati la vyombo, kila mtu avione. Mwanaidi akasema ninamchokoza jini. Maziwa yakakauka, hakuna aliyetaka kusikia. Mwezi wa nne wa vidonge, kikao kikaitishwa nyumbani, kikiongozwa na Mzee Semboja, baba mkubwa wa Twaha. Wiki mbili nyuma, Twaha mwenyewe alikuwa ameshapeleka posa kwa binti mmoja wa Mazinde. Mimi nilitakiwa nikusanye vyangu, nimpishe chumba, nirudi kwetu.

Kabla hawajaanza, adhana ya alasiri ikasikika. Wanaume wakajipanga mbele, wanawake wakaenda kutia udhu. Mimi nilibaki nimekaa palepale, katikati ya ukumbi, miguu nimeinyoosha.

Mwanaidi akarudi, uso unamchuruzika maji.

"Zamda, maji yako kwenye kopo."

"Leo sisali, mama."

Neno hilo mwanamke halisemi mbele ya wanaume. Nililisema kwa sauti ya kufika mstari wa mbele, na sikuona haya hata kidogo. Mzee Semboja akakohoa. Mwanaidi akanitazama kama anayetafuta kosa katika hesabu yake.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Walisali. Nadhani sala ile ilikuwa na mawazo mengi. Walipomaliza, Mwanaidi ndiye aliyewahi kusema.

"Hedhi si mimba."

"Si mimba, mama. Ila daktari amesema yai huwa limetoka kama wiki mbili kabla. Nimehesabu." Nikamgeukia Twaha, aliyekuwa akikunja mkeka wake polepole kuliko inavyohitajika. "Baada ya miaka miwili yai limekomaa, wiki hiyohiyo baba yake yuko Mazinde anapeleka posa."

Twaha akaacha kukunja mkeka. Mzee Semboja alitafuta kofia yake, ambayo alikuwa ameivaa, akasema kikao kimeahirishwa.

Nikainuka kwenda kupika. Chumba ni changu, na nilimwambia Twaha safari hii asitoke nje ya Handeni mpaka nimruhusu.