Saa Iliyofunguliwa Mara Tisa

Telegramu ilikuwa na maneno matatu: SAA IMEKUFA NJOO. Macho yangu yalianzia katikati. Nilisoma IMEKUFA, nikavua vidude vya masikioni, nikamwambia msimamizi wa zamu kwamba kwetu kuna msiba, na ni mpaka nilipofika kituo cha basi ndipo nilipoisoma tena vizuri nikajua kuwa aliyekufa si mtu. Nilikasirika vibaya sana. Lakini ruhusa ya siku nne nilikuwa nimeshapewa, na Mau Narok sikuwa nimekanyaga kwa miaka miwili, basi nikapanda basi hivyo hivyo na hasira zangu.

Kazi yangu wakati huo, mwaka wa sabini na nane, ilikuwa kuunganisha simu Nairobi. Mtu anapiga, unamuuliza anamtaka nani, unamchomekea waya, wakimaliza unakata, unaenda kwa mwingine. Kazi hiyo ilinifundisha kutaka kila jambo liishe upesi. Au labda nilizaliwa hivyo. Baba husema kwamba mimi, Chemutai wake, hata ziwa la mama nililinyonya nikiwa nimesimama.

Saa yenyewe niliijua. Baba alikuwa nyapara wa shamba la ngano kwa miaka ishirini na miwili, na mzungu alipouza shamba arudi kwao, alivua saa mkononi mwake akamvisha. Ilikuwa saa ya dhahabu kutoka Uswisi, imeandikwa Quartz usoni, zile za betri ambazo hazitiwi ufunguo na ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimetoka. Baba aliitazama mwaka mmoja tu. Halafu presha ya macho ikamla jicho la kushoto, kisha la kulia, na ikabidi atafute fundi wa kuigeuza. Kioo kikatiwa bawaba kiwe kinafunguka kama kifuniko. Kwenye alama ya kila saa ikawekwa chembe ya madini ya risasi ya kupapasia. Mishale ikawa minene, na kile kinundu cha pembeni, unachokivuta ukitaka kusogeza mishale, kikabadilishwa kikawa kikubwa chenye meno, kimesimama mbali na ubavu wa saa ili vidole visikikose. Ilikuwa imeharibika sura, sitasema uongo. Lakini Baba aligusa kwa ncha ya kidole akasema, "Saa tisa na robo," na kweli ilikuwa saa tisa na robo.

Sasa ilikuwa imekaa kwenye saa nne na dakika ishirini kwa wiki tatu nzima.

Wifi yangu Chepkemoi alinieleza kabla sijaweka mkoba chini. Mzee hatulii. Anashika ile kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi zizini imwongoze, anaenda nayo, anarudi nayo, mpaka nyasi zimekufa chini. Saa ngapi? Baada ya dakika tano, saa ngapi? Wiki iliyopita alitoka kabla ya jogoo, akaiacha kamba, akakutwa amesimama kwenye barabara ya malori.

"Dereva alishika breki, ni Mungu tu," alisema Chepkemoi. "Mimi siwezi kuchunga yeye na watoto na ng'ombe. Kama hiyo saa haitatengenezwa, wewe na bwana yangu mtafute mahali mtampeleka. Mimi sitaki kuja kuitwa barabarani."

Nilimfuata Baba kwenye kamba. Ilibidi nitembee naye, kwa kuwa hakusimama.

"Baba, kwani redio si inasema saa?"

"Redio inasema saa ya Nairobi."

"Saa ya Nairobi na ya hapa ni moja."

"Hivyo ndivyo mnasema nyinyi mnakaa huko." Alifika zizini, akagusa mti, akageuka. "Fundi wangu alikuwa Nakuru, Kalasinga mmoja mzee, nyuma ya soko. Nilienda nikapata duka imefungwa, na hakuna mtu anajua alienda wapi. Nitafutie mwingine. Si wewe ndiye unajua kutafuta watu?"

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa Nakuru. Fundi wa kwanza aliiona saa akacheka mpaka akamwita jirani yake aje wacheke wote. Wa pili hakucheka. Aliinyanyua kwa vidole viwili kana kwamba nimemletea panya, akanishauri niipeleke kwa mtu wa kuchomelea vyuma. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na mimi nilikuwa nimeanza kutukana moyoni nilipofika kwa mtu aliyeitwa Navin, mwembamba, mpole, ambaye angalau aliifungua. Aliweka betri mpya. Mishale haikutikisika. Akabandika kioo chake cha kukuzia jichoni, akakichunguza kifuniko cha nyuma kwa ndani, na huko akakaa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Dada, kuja uone," alisema, akanipa kile kioo.

Alinieleza kwamba fundi yeyote wa saa akifungua saa, hukwaruza kwa sindano ndani ya kifuniko alama yake na tarehe, ili siku ikirudi ajue ilipita mikononi mwake. Niliona herufi mbili, B.S., na chini yake safu ya tarehe ndogo ndogo kama miguu ya siafu. Nilizihesabu. Zilikuwa tisa.

"Mara tisa kwa miezi kumi," alisema Navin. "Hii si saa, hii ni mgonjwa wa sukari."

"Na B.S. ni nani?"

"Balbir Singh. Hakuna mwingine anaweza kufanya kazi ya wazimu namna hii. Bibi yake alikufa, akabaki peke yake, sasa mpwa wake amemchukua. Iko na gereji Mai Mahiu." Aliirudisha saa polepole. "Peleka kwake. Mimi nikigusa zaidi, nitaharibu."

Kutoka Nakuru nilikuwa naongea peke yangu. Mara tisa! Kipofu amepanda lori la maziwa liendalo Nakuru mara tisa, ameshuka mara tisa akipapasa ukuta wa soko, kwa sababu ya tapeli asiyejua kutengeneza saa mara moja ikatengenezeka. Nilipanga maneno yangu. Tulipofika Kikopey basi lilisimama, watu wote wakashuka kula nyama, dereva akiwa wa kwanza. Mimi nilibaki ndani nikihesabu dakika, na harufu ya mbavu ikipita dirishani kunichokoza. Zilikuwa dakika arobaini na tano. Nilimwambia kondakta maneno mabaya, naye akanipa kipande cha nyama kwenye karatasi ninyamaze.

Gereji ya Mai Mahiu ilikuwa ua mzima wa malori yaliyofunguliwa matumbo. Kwenye kona, chini ya mabati, mzee mwenye kilemba cheupe alikuwa amekaa na mita ya spidi ya lori mkononi, ameifungua kama wanavyofungua saa, akiipuliza. Sikumsalimia. Niliiweka ile saa mbele yake kwa kishindo.

Aliitazama. Akaiweka mita chini, akasimama, akachungulia nyuma yangu.

"Kipkorir! Iko wapi? Iko kwa gari?"

"Yuko nyumbani. Mimi ni binti yake."

Akakaa tena. Hapo nikafungulia. Nilimwambia kuhusu kamba, nyasi zilizokufa, lori lililoshika breki. Nilimwambia kama hajui kazi angesema hajui, si kumchezea mtu asiyeona mara tisa. Mafundi wa malori wakaacha nyundo zao kusikiliza. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

Halafu akakishika kile kinundu chenye meno kwa kucha, akakisukuma ndani. Kilisogea kidogo sana, kama unene wa ukucha. Mshale wa sekunde ukaruka, ukaruka tena, ukaanza kutembea.

Akakivuta nje. Ukasimama.

"Hapana gonjwa," alisema. "Mara ya kwanza, ndiyo, betri ilikwisha. Hizi zingine nane, kichwa imevutwa tu. Mimi nafungua, naandika tarehe, nafunga, nasukuma kichwa. Baba yako anauliza, fundi, leo ilikuwa nini? Mimi nasema, mzee, leo ilikuwa vumbi. Siku ingine nasema mafuta ilikauka. Halafu chai inakuja."

"Na nani alikuwa anaivuta?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.

"Lakini mlikuwa mnaongea nini siku nzima?"

"Yeye anasema ngano. Mimi nasema mama ya watoto yangu, ile alikufa. Siku zingine hatusemi." Alifuta mikono kwa tambara. "Mpwa alinitoa Nakuru siku moja tu, lori nje inanguruma. Nani angenipa anwani ya Mau Narok? Wewe ndiyo ile ya simu?"

"Ndiyo."

"Barua yako mimi nasoma. Yeye anakuja nayo kwa mfuko ya koti, kila mara anataka nisome tena. Zile mbili. Najua kwa kichwa." Na kweli akaisema moja, taratibu, macho yakiwa juu ya ile mita: "'Baba, huku kazi ni nyingi, nitakuja mambo yakitulia.'"

Niliona aibu. Siwezi kuipamba. Miaka miwili nimewaunganisha watu wa Kisumu na watu wa Mombasa, nimewasikia wakilia na wakicheka, na baba yangu amekuwa akipanda lori la maziwa apate mtu wa kumsomea mistari minne ya kwangu. Na alipompoteza huyo pia, alikuwa amebakiwa na njia moja tu ya kumwita mtu. Saa imekufa, njoo.

"Basi kisukume," nilisema. "Nimpelekee ikitembea."

Balbir Singh alichukua sindano yake, akakwaruza tarehe ya kumi ndani ya kifuniko, akafunga. Kinundu hakukigusa.

"Nikisukuma, yeye atakuja hapa kwa nini?" akaniuliza. "Lori ya mpwa inaenda Mau Narok kila wiki kuchukua ngano na viazi. Kurudisha yeye si kazi. Kuleta, mara ya kwanza, lete wewe."

Nililala Naivasha kwa mwenzangu wa kazini, au niseme nilijilaza tu. Siku ya tatu alasiri nilishuka Mau Narok. Baba alikuwa kwenye kamba. Alinijua kwa hatua kabla sijafika lango.

"Saa ngapi?"

"Nimempata fundi."

Alisimama. "Fundi yupi?"

"Balbir. Amehamishiwa Mai Mahiu, kwa mpwa wake. Alidhani uko nami, akachungulia nyuma yangu."

Akanyoosha mkono nikampa saa. Aliinua kioo, akagusa mishale: saa nne na dakika ishirini. Kidole chake kikateremka ubavuni mpaka kwenye kinundu, kikakikuta nje, pale pale alipokiacha. Kikatulia hapo. Kuna wakati kwenye simu laini iko wazi pande zote mbili na hakuna anayeongea, na aliyeizoea kazi anajua kwamba hapo hukati.

"Hakutengeneza," alisema mwishowe.

"Amesema anamtaka mwenye saa."

"Mai Mahiu ni mbali."

"Kesho nakupeleka. Na mwezi ujao nitakuja tena, telegramu au hakuna telegramu."

Alikifunga kioo, akaitia saa mfukoni mwa koti, upande ambao karatasi za barua zangu zilikuwa zimetokeza kona. Nilimuuliza lile nililokuwa nimelibeba njia nzima.

"Baba, ile asubuhi barabarani. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa nasubiri lori ya maziwa," alisema. "Inipeleke Nakuru nijaribu tena ile duka. Kama bado imefungwa, ningeendelea mpaka Nairobi."

Kisha akaishika kamba, akaelekea nyumbani akimwita Chepkemoi ampigie pasi shati jeupe, na jioni yote ile hakuuliza tena ni saa ngapi.