Mtoto wa Kwenye Tangazo

Mimi si mtu wa ugomvi, muulize yeyote mtaani kwetu hapa Shari, Bunia. Ukinisikia nafoka, jua kuna aliyenichokoza. Mwaka huu nilichokozwa na karatasi.

Zamani mtoto aliyepotezana na ndugu zake vitani alipelekwa kituo cha yatima, akakaa huko mpaka aote ndevu. Sasa wamebadilisha, na kwa hilo nawapongeza: mtoto anakaa kwa muda nyumbani kwa mama kama mimi, huku ndugu zake wakitafutwa. Nimeshapokea wanne. Wa tano ni Ornella, msichana wa miaka mitano hivi, aliyefika Bunia juu ya lori la maharagwe kutoka upande wa Fataki, katikati ya watu waliokimbia, bila hata mmoja wa kwao. Jina lake alilijua. Alijua pia kwamba alilelewa na koko, bibi yake. Na koko anaitwa nani? "Koko," basi.

Kazi ya kumtafuta bibi huyo alipewa Prudent, kijana wa shirika la kulinda watoto, mwenye kizibao cha mifuko mingi na simu mbili. Alimpiga Ornella picha uani kwangu. Mtoto alivaa gauni jipya, nywele nilimsuka mwenyewe, nikafurahi. Wiki mbili baadaye akaniletea tangazo nilione. UNAMJUA MTOTO HUYU? Jina hakuna, kuna namba. Na usoni, kuanzia nyusi mpaka katikati ya pua, wamembandika utepe mweusi.

Nilicheka. Kisha nikaona Prudent hacheki.

"Sasa mutu atamujua namna gani?" nikamwuliza. "Hata mimi mwenye kumuogesha simujue hapa!"

"Mama Émilienne, haiko mimi. Ni règlement mupya ya kulinda watoto. Uso ya mutoto haionekanake mu affiche. Jina pia hapana."

"Hata kama tunamutafutia koko wake?"

"Règlement ilisema watoto yote."

Najua kanuni hiyo ilikotoka. Kuna vituo vilivyokuwa vikianika nyuso za watoto mbele ya wageni kama nyanya sokoni, na waliokataza mchezo huo walikuwa na haki. Lakini ndiyo umfunike macho mtoto, halafu uwaulize watu kama wanamjua? Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Ningeweza kumtafuta bibi mwenyewe, ila nilikuwa nimetia sahihi: nisitaje jina la mtoto nje, nisimpeleke kwenye kambi za waliokimbia vita. Nikikosea, ananyang'anywa. Basi kila mwezi nilikwenda ofisini, nikakaa kwenye benchi, nikaambiwa tangazo bado liko ukutani, tusubiri. Miezi mitano. Ornella aliacha kukojoa kitandani, akajifunza kuchambua sombe, majani ya muhogo, akaanza kuniita mama. Mwezi wa sita ulipofika, Prudent mwenyewe ndiye aliyeniita.

"Dossier itafungwa tarehe trente, mwisho wa mwezi. Ataenda Kisangani. Kule kuna famille ya kumuchukua kabisa."

"Na kama koko anapatikana kesho yake, trente et un?"

Akaangalia simu yake moja, kisha nyingine.

Nisiseme uongo. Kama angeniambia Ornella abaki kwangu, labda ningenyamaza. Lakini Kisangani, kwa ndege, mtoto ambaye pikipiki ikikohoa tu anajificha chini ya meza!

Jumapili nilimvalisha gauni lile lile la picha. Sikwenda parokia yetu. Nilimshika mkono, tukatembea mpaka kambini, kwenye kanisa la maturubai, nikijisemea kwamba uso wake mwenyewe hakuna aliyeufunga. Misa ilikuwa inamalizika. Mlangoni palikuwa na ubao, na kwenye ubao lilibandikwa tangazo letu, limepauka kwa jua. Chini yake alikaa bibi kizee juu ya bidoni, dumu la maji la manjano lililolazwa, mguu mmoja kaunyoosha, anakaza kitenge kichwani.

Ornella akauchomoa mkono wake mkononi mwangu.

Hakukimbia. Alikwenda polepole, akasimama mbele ya yule bibi, akasema, "Koko, kiatu yangu moja ilipotea."

Bibi alimvuta, akapitisha vidole ndani ya nywele nilizozisuka, juu ya sikio, akitafuta. Akakipata kile kikovu nilichokuwa nakipaka mafuta kila siku. Hapo ndipo alipolia, na wamama waliotoka misani wakatuzunguka, na mimi nikabaki nimeshika hewa.

Jumatatu asubuhi tulikuwa ofisini. Prudent alinigombeza kwanza. Nilikuwa nimevunja kanuni, akanionyesha sahihi yangu, na jina langu lingeweza kufutwa kwenye orodha ya wamama. Nikamwambia afute, kalamu ninayo. Kisha akashusha pumzi, akamgeukia bibi, Mama Godelive, na fomu yake ndefu. Jina la mtoto. Kijiji. Nani anaweza kushuhudia. Yule mama mzee alijibu yote kwa utaratibu, Ornella amelala mapajani mwake.

Prudent akafika chini ya ukurasa. "Koko, uliona affiche yetu?"

"Ile ya kanisa? Nilikuwa naionaka kila Dimanche ya misa. Mimi naikalaka pale pale, juu mguu yangu inauma, siwezi kusimama."

Kalamu ya Prudent ikasimama.

"Nilikuwa namuombea sana ule mutoto," akasema Mama Godelive. "Nilisema, masikini, mutoto wa watu, wamemufunga macho, iko mugonjwa. Kila Dimanche, mbele ya kuombea Ornella wangu, nilianza na yeye." Akamtazama Prudent kwa huruma ya kweli. "Ule mutoto, macho yake ilipona?"

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Prudent akatia alama kwenye NDIYO, tangazo lilionekana.