Sala Isiyo na Amina

Mchungaji Callixte alimvuta Emérithe kando ya meza ya chai.

"Mama Ariane, nakuomba kwa jina la Bwana. Leo usiulize swali. Yule ni mgeni, tena mbunge. Wewe utatufungia kwa sala tu."

"Sala tu?"

"Sala tu. Fupi."

"Sawa, Mchungaji," akasema Emérithe, huku damu ikimchemka hadi masikioni.

Mbunge mwenyewe, Emilia, alikuwa amekaa mbele ya ukumbi wa kanisa lao pale Akalla, kitongoji cha Stockholm, koti lake magotini. Alitoka kwenye kamati ya elimu ya bunge, akaja kuwaeleza wazazi kuhusu muswada mpya wa wakuu wa shule. Emery, kijana wa kwaya aliyezaliwa hukuhuku, ndiye aliyemfasiria. Wakuu wa shule watasomea uongozi kabla ya kukabidhiwa ofisi. Watapimwa. Watakuwa na viwango. Neno hilo, viwango, lilirudiwa hata akina mama wa nyuma wakaanza kunong'ona: "Viwango, viwango, kama anauza mbao."

Emérithe hakucheka. Binti yake Ariane alikuwa darasa la sita na alisoma kama mtu anayevuka ziwa lililoganda, kila neno analijaribu kwanza kwa mguu. Mkuu wa shule aliyeitwa Mikael aliahidi mwalimu wa kumsaidia kusoma. Akahama. Akaja Anton, akasema yeye ni mgeni, hajui ahadi hiyo, ila ataangalia. Akahama. Sasa yupo Yara, naye mgeni vilevile. Na wote watatu walikuwa na vyeti ukutani.

Kibaya zaidi, Emérithe alikuwa akiwaombea kwa majina, kila alfajiri, kama Maandiko yanavyoagiza juu ya wenye mamlaka. Alimwombea Mikael majira yote ya baridi, kumbe mwenzake alishahamia shule ya upande wa Skärholmen tangu majani yalipoanza kupukutika.

Wanaume wawili waliuliza maswali ya adabu, wakajibiwa kwa adabu. Kisha Mchungaji akasema, "Tusimame. Mama Ariane, tufungie."

Watu wakafumba macho.

"Baba wa mbinguni," Emérithe akaanza, "asante kwa mgeni wetu na safari yake njema."

"Amina," wakaitikia.

"Baba, wewe unamjua Ariane. Unajua anavyoficha vitabu chini ya godoro. Unajua nilivyopiga hodi kwenye ofisi ile, nikakuta kiti kilekile na uso mwingine. Mtu anamwahidi mtoto, kisha anabeba maua yake ya dirishani na kuondoka, na ahadi anaondoka nayo! Sasa Baba, muulize huyu binti yako Emilia..."

Mchungaji akakohoa. Akakohoa tena. Lakini nani humkata mtu aliye katikati ya sala? Emery, naye amefumba macho, aliendelea kunong'ona Kiswidi sikioni mwa mbunge.

"...muulize, katika muswada wake imeandikwa wapi kwamba mkuu anayeondoka atamkabidhi anayekuja kila ahadi aliyompa mtoto, na anayekuja atabanwa nayo? Wakipimwa, wapimwe kwa hilo. Au wanaongezewa vyeti ili watutelekeze kwa ufundi zaidi?"

"Mama weee," mtu akanong'ona.

"Tunangoja jibu lake, Baba."

Emilia akafumbua macho. "Vi får se," akasema taratibu.

Emery akafungua kinywa kufasiri, Emérithe akamzuia kwa mkono. Maneno hayo aliyajua hata kabla ya kuanza masomo yake ya jioni ya Kiswidi. Tutaona. Wakuu wote watatu walimwambia hivyo, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Baba, umesikia mwenyewe. Tutaona! Basi mimi leo amina siisemi."

Mchungaji akarukia kipaza sauti. "Katika jina la Yesu Kristo tumeomba na kuamini..."

Akangoja. Ukumbi mzima kimya. Hata mkewe, pale mstari wa mbele, alikuwa amebana midomo.

"Amina," ikasikika sauti moja tu.

Ilikuwa ya mbunge, aliyekuwa amefumba tena macho kwa adabu. Alipoyafumbua, alikuta watu wote wanamtazama. Uso ukamwiva. Akamuuliza Emery kwa Kiswidi amekosea nini.

"Sala haijaisha," Emery akamjibu. "Wanakungoja wewe."

Emilia akautazama mlango. Kisha akaliweka koti lake juu ya kiti, akatoa kalamu.

"Halimo," akasema, na Emery akafasiri. "Jambo hilo halimo kwenye muswada. Na kura bado hatujapiga. Mama aanze tena, nataka kuandika. Mtoto anaitwa nani?"

"Mama Ariane, imetosha, chai inapoa," Mchungaji akasihi.

"Ipoe," akasema Emérithe.

Akaanza tena tangu mwanzo, kwa hasira ileile, ila mara hii kwa Kiswidi chake cha masomo ya jioni, macho wazi.