Mashine Ilikufa Usiku wa Ijumaa

Fundi Mrisho alipofungua boliti ya mwisho, Warda binti Husseini alijikuta anasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, kana kwamba mashine ya boti nayo ina pepo wa kutolewa. Mashine yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye stendi ya mbao katikati ya duka la wakala pale Kibiti, kichwa wazi, oili nyeusi ikidondoka kwenye beseni. Nje malori ya Lindi yalipita yakitikisa mabati. Ndani walikuwa watu watano, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeshika kalamu.

Mwenye kalamu alikuwa mkaguzi wa kampuni ya mashine, aliyefika kutoka Dar asubuhi ile. Alikuwa na shati jeupe na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Alikuwa pia na tabia ya kusema "sawa" kila mtu anapomaliza kusema, halafu kuandika kitu ambacho hakina usawa wowote na kilichosemwa.

"Sawa," alimwambia Mrisho. "Tuanze na pampu ya maji. Delta ina matope. Tope likiziba pampu, injini inachemka, inakufa. Hilo ni kosa la mtumiaji, na dhamana hailigusi."

Mashaka, kaka yake Warda na nahodha wa boti ile, alifungua kinywa. Warda akamkanyaga mguu. Walikuwa wamekubaliana njiani kwamba Mashaka asiseme neno, maana akikasirika hana breki.

Na kukasirika alikuwa na haki. Boti ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Kiongoroni, na mashine ile waliipata kwa kudunduliza miaka mitatu. Ilikuja na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja: ikifa yenyewe ndani ya mwaka, kampuni inatoa nyingine. Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu ife, na kijiji kizima kilikuwa kimerudi kwenye makasia. Mwamini, mke wa Mashaka, uchungu ulimshika wakampakia kwenye mtumbwi kumpeleka zahanati, maji ya mto yakawa yanakupwa, wakapiga kasia mpaka mikono ikachubuka. Mtoto alizaliwa mtoni, katikati ya mikoko. Mzima, alhamdulillahi. Lakini kijijini walikuwa wamebaki wajawazito wanne, na kila mmoja alimuuliza Warda kabla hajaondoka: mashine inarudi lini?

Mrisho alichomoa pampu, akaosha mikono, akaishika feni yake ndogo ya mpira, ile inayosukuma maji, mbele ya dirisha. Mapezi yote sita yalikuwepo, hakuna lililokatika, na njia ya maji ilikuwa safi.

"Haina tope," akasema.

"Sawa. Oili?"

Warda akatoa kijitabu cha sevisi kwenye mfuko wa nailoni. Kila sevisi ilikuwa na mhuri wa duka lilelile na tarehe yake. Mkaguzi alipekua mara mbili, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hakuupata.

Ndipo Mrisho akashuka chini kabisa, kwenye konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, akatoka na beringi kwenye kiganja. Ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa nyembamba, na rangi yake imegeuka buluu kwa moto. Mrisho alimtazama mkaguzi, na mkaguzi akatazama pembeni, na Warda akajua kwamba hawa wawili wanajua jambo.

"Bwana mkubwa," Mrisho akasema hatimaye, "hii ni beringi ya ule waraka."

"Waraka gani?" Warda akauliza.

Mkaguzi akakohoa. Waraka ulikuwepo, akakiri, wa ndani ya kampuni. Mashine za toleo lile zilitoka kiwandani na beringi mbovu. Wateja hawakutangaziwa, lakini anayelalamika ndani ya muda wa dhamana anapewa mashine mpya. Alisema yote hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu wa ndugu yake.

Kwa hiyo walijua! Mwaka mzima Mashaka amepakia watoto na wazee juu ya beringi mbovu, na huko Dar watu wana karatasi yake kwenye faili. Hasira ilimpanda Warda mpaka masikio yakamvuma, lakini aliimeza, kwa sababu nyuma ya hasira kulikuwa na furaha. Kosa ni la kiwanda. Wamekiri wenyewe.

"Kwa hiyo mnatupa nyingine," akasema.

"Ndani ya muda wa dhamana," mkaguzi akarudia. Akavuta fomu ya madai. "Dhamana yenu iliisha Alhamisi, tarehe kumi na nne. Hapa, kwa mwandiko wako mwenyewe, umeandika mashine ilikufa usiku wa Ijumaa, saa moja na nusu. Ijumaa ni tarehe kumi na tano. Mmechelewa siku moja, mama. Pole sana."

Warda aliukodolea macho mwandiko wake. Ndio uliomfanya awe katibu wa kikundi. Andika wewe, Warda, una mkono mzuri, walimwambia.

"Lakini usiku wa Ijumaa ndiyo Alhamisi hiyohiyo," akasema. "Kwetu jua likizama, siku imekwisha. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Ndio tunaosomea Yasini. Huo unaousema wewe ni usiku wa Jumamosi."

"Kampuni haiendi kwa magharibi, mama. Inaenda kwa kalenda."

"Nilikuwemo botini!" Mashaka akalipuka. "Ilikuwa Alhamisi! Ilipiga kelele, ikakwama, tukasukuma kwa upondo usiku kucha. Waulize abiria wote!"

"Mashahidi wenu ni nyinyi wenyewe. Mimi natazama karatasi." Mkaguzi akafungua daftari la mapokezi la duka na kuweka kidole. "Mngekuwa mmeharibikiwa Alhamisi, Ijumaa mngekuwa hapa. Daftari linasema mashine ilipokelewa Jumamosi, tarehe kumi na sita. Ndivyo, karani?"

Kwenye meza ya kona, Abdulazizi, karani wa duka, hakuinua uso. Alikuwa ametoka kusali adhuhuri, na unyevu wa udhu ulikuwa bado kwenye ndevu zake.

"Ndivyo lilivyoandikwa," akasema.

Lakini Ijumaa Warda na Mashaka walikuja. Walifika saa nane mchana na mashine yao juu ya bajaji, wakakuta duka lina kufuli. Wakapiga namba iliyoandikwa mlangoni. Abdulazizi alikuwa shambani kwake Mtunda, anapalilia mihogo, kama alivyofanya kila Ijumaa: anafunga duka kwa ajili ya swala, halafu harudi. Wakamfuata hukohuko. Akaipokea mashine kati ya matuta, jembe bado liko begani, akaifunika kwa turubai, kisha akamvuta Warda pembeni.

"Dada yangu," alimwambia siku ile, "kampuni inataka duka liwe wazi mpaka saa kumi na moja. Nikiandika leo, wataniuliza nilikuwa wapi. Tuandike kesho, tafadhali. Nina watoto watatu, na kazi hii nimeihangaikia miaka."

Na Warda, kwa ukarimu wake usio na macho, alimjibu, "Andika tu, kaka. Siku moja si kitu. Kwangu halitoki."

Siku moja si kitu! Angeweza kujing'ata ulimi ukatoka damu.

Mashaka alikuwa amesogea mpaka bega kwa bega naye. "Mtaje," alimnong'oneza. "Usipomtaja wewe, namtaja mimi."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Wajawazito wanne, Warda."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufungua mhuri wake. Herufi zake Warda aliziona hata zikiwa kinyume: IMEKATALIWA. Mkaguzi aliupuliza kidogo, akaugusisha kwenye wino. Abdulazizi aliutazama mhuri ule kama watu wengine wote mle ndani, na vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pembe ya daftari.

Warda alikuwa na neno lake, na neno hilo amekwisha kumpa Abdulazizi. Akimtaja, amemuuza mtu aliyemwamini. Akinyamaza, atarudi Kiongoroni kuwaambia wanawake wanne kwamba amewauza wao. Alitamani mtu mwingine aamue, hata awe nani. Akapiga moyo konde, akapita mbele ya mkaguzi kana kwamba hayupo, akasimama kwenye meza ya kona.

"Kaka Abdulazizi."

Akainua macho.

"Mimi sikuulizi daftari linasema nini. Nakuuliza wewe, na udhu wako huo. Mashine hii uliipokelea wapi?"

Lori likapita, mabati yakatikisika, yakatulia. Abdulazizi angeweza kusema "hapa". Ni neno jepesi, na lisingekuwa na wa kulipinga ila ndugu wawili ambao hawaaminiwi. Warda aliliona likimjia mdomoni, na alijua kwamba akilisema, yeye hatalibishia.

Abdulazizi akafunga daftari.

"Niliipokelea Mtunda," akasema. "Shambani kwangu, siku ya Ijumaa, saa tisa kasorobo mchana."

Mkaguzi akashusha mhuri. "Ijumaa saa tisa mchana wewe ulikuwa shambani?"

"Kila Ijumaa."

"Na daftari?"

"Niliandika Jumamosi ili nisijulikane. Hawa niliwaomba wanisitiri, wakanisitiri." Akainyoshea fomu kidole. "Sasa piga hesabu yako mwenyewe, bwana. Mashine iliyokufa Ijumaa saa moja na nusu usiku imefikaje kwangu Ijumaa mchana?"

Mkaguzi aliinamia fomu. Safari hii hakusema "sawa". Akaichana vipande viwili, akatoa nyingine tupu kwenye mkoba, akamsogezea Warda pamoja na kalamu yake.

"Andika upya. Andika Alhamisi, na tarehe. Mashine mpya itaondoka Dar keshokutwa." Kisha, bila kugeuka, "Karani, ukimaliza kumgongea fomu hiyo, utanipa funguo."

Mashaka alisema alhamdulillahi kwa sauti, halafu akaona haya, akatoka nje. Mrisho alijifanya anafuta spana ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

Warda aliandika. Mkono wake mzuri haukuwa mzuri tena, herufi zilipanda na kushuka, na chozi likaangukia neno "kasoro" likalifanya doa. Alipomaliza alipeleka karatasi kwenye meza ya kona. Abdulazizi alikuwa anazungusha vigurudumu vya mhuri wa tarehe, kimoja kimoja, kwa makini kuliko alivyowahi kufanya.

"Kaka, nisamehe," akasema Warda. "Nilikuahidi halitatoka kwangu."

"Halikutoka kwako." Akagonga mhuri, akaupuliza wino ukauke. "Tazama, leo nimeweka tarehe ya kweli. Leo Alhamisi. Jua likizama itakuwa Ijumaa, na mimi nitakuwa shamba tangu asubuhi, bila kumwibia mtu."

Alijaribu kucheka, kicheko kikamkataa. Akamkabidhi Warda nakala yake, akavuta droo, akatoa funguo za duka na kuziweka juu ya meza kabla hajaombwa mara ya pili.