Hodi ya Tatu

Masika ya mwaka mmoja kabla ya Uhuru, memsahibu mmoja hapa Likoni alitufundisha wanawake Kiingereza barazani kwake, kila Jumatano baada ya adhuhuri. Siku hiyo somo lilikuwa "kamu ini."

"Meli ikiingia bandarini, kamu ini," alitueleza kwa Kiswahili chake. "Maji ya bahari yakijaa, kamu ini. Leso za mtindo mpya zikifika dukani, kamu ini. Na mgeni akibisha mlangoni?"

"Kamu ini!" tukaitikia sote.

"Neno moja lafanya kazi zote, kama mkaza mwana," jirani yangu Mwanarusi akaninong'oneza. Nikamfinya.

Mara mvua ikaja na upepo, ikatupiga palepale mikekani. Memsahibu akakusanya vitabu vyake, akaingia ndani, akafunga mlango. Binti yangu Mwanasaumu alikuwa nasi, amempakata mwanawe mchanga, mtoto mwili wamchemka kwa homa. Nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

Kwenye kioo cha dirisha nilimwona akikausha vitabu kwa taulo.

"Hodi!" Nikangoja. "Hodi!"

Akainua macho, akanitazama, akavuta pazia.

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa waondoka, hata kama nyumba ni pana kama msikiti. Tukashika njia katika mvua.

Kenga, mpishi wake, akatukimbilia njiani na mwavuli mkubwa wa memsahibu. "Shika, nyanya. Mfunike mtoto."

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nimezoea kulowa," akacheka, akarudi mbio.

Asubuhi akafukuzwa kazi. Kwa mwavuli! Wallahi, hasira ilinipanda hata uji ukaungua jikoni. Mjukuu wangu alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini watoto wa Kenga wangekula nini? Tukapatana wanawake wote: Kenga asiporudi kazini, hatukanyagi baraza ile.

Jumatano iliyofuata mikeka ilikaa mitupu. Kesho yake memsahibu akaja kwangu, mvua ikinyesha, akasimama nje bila kubisha. Ningeweza kumwacha. Sikulelewa hivyo.

"Karibu ndani," nikamwambia. "Umelowa."

Nikampa leso kavu ajifute, nikamtilia chai, na mwavuli wake nikauweka karibu na kiti chake.

"Wakubwa wa serikali watakuja kuliona darasa," akasema. "Mtarudi?"

"Somo lako tumelielewa, memsahibu. Meli yaingia, maji yaingia, leso zaingia. Sisi tu ndio hatukuingia. Na aliyetuhurumia umemtoa."

"Kenga alichukua kitu changu bila ruhusa."

"Ungeitikia hodi yangu, mwavuli wako usingetoka."

Akakizungusha kikombe mikononi, uso umemwiva. Kisha akauliza polepole, "Kenga anakaa wapi? Nataka arudi."

"Mwambie mwenyewe. Nyumba ile pale, karibu na kisima. Ukifika mlangoni, piga hodi. Usipoitikiwa mara ya tatu, uondoke."

Akauchukua mwavuli, akaenda. Nami nikasimama kizingitini nikitega sikio, mpaka sauti yake ndogo ikanifikia katika mvua.

"Hodi."

"Karibu!" Kenga akajibu papo hapo, kwa furaha, kama anayempokea shangazi yake.

Mwana wa watu yule ana moyo mwema. Mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, ningemngojea mpaka ya tatu.