Midomo Miwili ya Ngoma

Padri anayefundisha fizikia alimpa mwanangu Zéphirin sifuri, na ilikuwa haki. Aliulizwa juu ya mawimbi ya sauti, akajibu kwamba sauti nene inakimbia kuliko nyembamba. Hesabu zote zilizofuata zikaharibika. Akaambiwa arudi Jumamosi aulizwe tena. Akikosa, nafasi yake katika shule ya Kasongo anapewa mwingine.

Alifika nyumbani macho yamevimba. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Nani alikuambia sauti nene iko na mbio?"

"Ngoma ya baba. Mudomo munene unasikika mpaka ng'ambo ya Lualaba. Ule mwembamba unakufia njiani."

Bwanangu Gaston ndiye aliyepiga habari za kijiji kwenye ngoma ya mti. Ina midomo miwili, mmoja wa sauti nene, mwingine wa sauti nyembamba, na maneno hutokea kwa kuzipanga hizo mbili. Mdomo mnene tunauita dume. Kila mtoto wa kwetu anakua akiamini kwamba dume hutangulia.

"Shangazi yako Cécilia anatembea mpaka Wamaza, mbali vile. Ulishamuona anakimbia?"

Alicheka kidogo, lakini hakusadiki. Diploma yangu ni ya kufundisha kusoma na kushona, si fizikia. Ila huyu kijana namjua: bila masikio yake mwenyewe, haamini kitu.

Nikamwita baba yake. "Mimi na kijana tutapanda kile kilima. Wewe ubaki hapa upige."

"Nipige nini? Ngoma haipigwi bure. Watu watasema kuna kifo."

"Piga jina lake."

Jina la ngoma mtoto hupewa na baba akishakuwa mtu mzima, na la Zéphirin lilikuwa bado. Gaston akakaa, akapiga polepole, kijana amesimama karibu: *Mwenye kuuliza njia hata akiwa nyumbani.* Zéphirin aliinamisha kichwa. Mimi nikajifanya natafuta kanga yangu.

Kutoka kilimani nyumba yetu ilionekana ndogo kama kikapu. Gaston akapiga tena, akaongeza: njoo ule.

"Jina limefika namna gani?" nikauliza.

"Vilevile, mama."

"Na kama nene ingekuwa na mbio?"

Alifikiri, midomo ikicheza. "Ingeikuta nyembamba iliyopigwa kabla yake. Jina lingechanganyika. Nisingelitambua." Akanishika mkono. "Mama! Kasi ni moja!"

"Basi twende ukahesabu."

Uani tulikuta watu wamejaa. Bulaimu, jirani yetu, alikuwa amekwisha kunawa mikono. "Mama Zéphirin, ngoma imeita, tuko hapa!"

"Imeita mutoto wangu, haikuita tumbo lako."

Nikaongeza maji kwenye sombe. Ungefanya nini?

Jumamosi nilisimama chini ya dirisha la darasa, sikujificha. Padri alimpa swali lilelile: sauti inakwenda mita mia tatu na arobaini kwa sekunde, nene inatikisika mara themanini na tano kwa sekunde, nyembamba mara mia moja na sabini. Urefu wa kila wimbi?

"Nagawanya kasi kwa mitikisiko," Zéphirin akasema. "Nene mita nne. Nyembamba mita mbili."

"Mbona juzi ulizipa kasi mbili, na leo moja?"

"Nilidhani kinachofika mbali ndicho kinachokimbia. Lakini jina langu lilivuka bonde likafika zima."

Padri hakuelewa habari ya jina. Akamwomba aeleze, na Zéphirin akaeleza taratibu, akigonga meza kwa vidole. Mimi nikaanza kuhesabu nguo za kufungasha kama atarudishwa.

Mlango ukafunguka, Zéphirin akatoka. "Jumatatu naingia darasani," akasema.

Nilimfuta uso kwa kanga, mbele ya wenzake wote, naye hakukwepa.

"Umekula?" nikamuuliza.