Kikombe cha Tatu

Mume wangu aliifanya kazi ya kuonja kahawa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akinywa supu kama watu wengine. Mwonjaji huivuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa nguvu, kwa mlio, ili itawanyike mdomoni, kisha huitema kwenye kopo. Nyumbani kutema alijizuia. Mlio ulimshinda. Siku ya kwanza alipokula kwa mama yangu, mama alinivuta jikoni akaniuliza kama huyu bwana alilelewa au alijilea mwenyewe. Nikamwambia ndiyo kazi yake. Mama akasema kazi gani hiyo ya kunyonya kijiko.

Ilikuwa kazi ya heshima, ingawa mama hakuwahi kukubali. Gunia halikutoka ghalani mpaka yeye aseme. Aliweza kuonja akasema hii ilianikwa chini badala ya juu ya meza, hii ililala kwenye unyevu, hii imechanganywa na ya msimu uliopita. Wenzake walimwita Ulimi. Faida yetu sisi wa nyumbani ilikuwa mabaki ya sampuli, aliyoyaleta kwenye vifuko vya karatasi kila Ijumaa. Tulikuwa watu wa vyumba viwili na cherehani kando ya dirisha, lakini kahawa tuliyokunywa asubuhi ilikuwa ile ile inayopakiwa kwenda kwa wenye nazo.

Kisha akapata mafua. Mafua ya kawaida tu, ya kulala siku nne, ila yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Ghala lilimsubiri miezi miwili, likamwandikia barua ya kumshukuru, na mtu mwingine akakaa kwenye kiti chake. Sitaki kuwasema vibaya. Mwonjaji asiyenusa ni fundi cherehani asiyeona, na mimi mwenyewe nisingempa mtu kama huyo kitambaa changu.

Nakumbuka asubuhi moja ya siku hizo. Alimimina maziwa kwenye glasi, akanywa yote, akafuta mdomo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba na nilishasikia kwa harufu kwamba yameharibika. Nilichukua glasi nikaiosha, na nikajua kwamba mambo ni mabaya kuliko alivyokuwa akiniambia.

Vifuko vya karatasi navyo vikaisha. Tulijaribu kahawa ya kopo, ile ya unga unaoyeyuka. Aliiangalia ndani ya kikombe kama mtu anayeangalia picha ya pasipoti ya adui yake, akaisukuma pembeni. Hakuwa na pua, lakini maringo alikuwa nayo. Iliyokaangwa tayari, ya pakiti, ilikuwa na bei ambayo niliisoma mara moja dukani na sikurudi kuisoma tena.

Nikaenda sokoni kwa muuza buni. Nikamwomba zile zilizovunjika, zinazobaki baada ya wanunuzi wakubwa kuchagua.

"Mama, hizi watu hununua wakatupe shambani, ziwe mbolea," aliniambia.

"Basi nipimie mbolea kilo mbili."

Akacheka, akanipimia, na akaongeza kiganja kizima juu kwa kunionea huruma. Nyumbani nilizimwaga kwenye sinia nikazichambua kama mchele. Nyeusi nje. Zenye tundu la mdudu nje. Zenye rangi ya kutu nje, hata kama ni nzima, kwa sababu nilishamsikia mume wangu mara elfu akisema hizo ndizo zinazoleta ukali wa siki. Theluthi moja ilikwenda na taka. Kilichobaki kilikuwa vipande vipande, ila vipande safi. Jumapili nilikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikikoroga bila kuacha mpaka punje zikaanza kulia pa, pa, kama vifungo vinavyokatika kwenye shati la mnene. Nikazipoza kwa ubao wa kupepea moto. Nikatwanga kwenye kinu. Mfuko wa kuchujia nikaushona kwa mabaki ya pamba nyeupe, mshono mara mbili.

Ilikuwa kahawa nzuri. Nasema hivyo nikiwa si mtaalamu, lakini niliinywa na nilifurahi, na furaha yangu haihitaji cheti. Tulianza kukaa pamoja saa kumi na mbili na nusu, vikombe viwili, mlango wazi, kabla wateja wangu hawajaanza kuleta suruali za kupunguzwa. Siku za ghala alikuwa akiamka na kukimbia. Sasa alikaa. Huo ndio ukweli, na wakati mwingine nilijionea aibu kwamba sehemu ya maisha niliyoipenda zaidi ilikuja kwa njia ya msiba wake.

Mwezi wa saba, akiwa ameshika kikombe, alisema, "Jumapili hii uliondoa motoni mapema."

Niliacha kunywa. Ni kweli nilikuwa nimeondoa mapema, gesi ilikuwa inasuasua.

"Umeona rangi," nikamwambia.

"Nimeonja, mke wangu."

Tangu hapo alishikilia kwamba pua imerudi. Akaandika barua kwa wakaangaji wapya waliofungua karakana karibu na reli, na wao wakajibu kwamba wanahitaji mwonjaji, na kwamba waombaji wote watapimwa kwa vikombe vitatu vitatu. Kipimo hiki ni cha zamani. Unawekewa vikombe vitatu. Viwili ni kahawa moja, kimoja ni nyingine, nawe unasema kipi kimejitenga. Mara kumi. Walitaka apate tisa.

Akanifanya mimi kuwa mpimaji. Kila asubuhi kwa wiki tatu alikaa amegeukia ukuta nikimwekea vikombe: viwili vya Jumapili iliyopita, kimoja cha Jumapili hii, au kinyume chake, kwa sababu kahawa nyingine hatukuwa nayo. Kisha aligeuka, akavuta, akatema, akataja. Alikosa mara mbili tu. Na bado sikuamini. Nilikuwa naona anavyoniangalia usoni kabla ya kutaja, na mimi uso wangu hauna pazia. Hata watoto wadogo hunishinda karata. Kila alipopatia, nilikumbuka ile glasi ya maziwa. Nilimwona mbele ya vijana wa karakana, amevaa koti lake la kazini, akibahatisha, nao wakitazamana. Hilo nililiogopa kuliko njaa.

Kwa hiyo asubuhi ya mtihani wenyewe nilifanya jambo langu. Nilimwekea vikombe vitatu vya kahawa ile ile.

Alikuwa ameshavaa. Viatu vimepigwa rangi, koti limepigwa pasi, kijiko chake cha fedha mfukoni. Alikaa, akaonja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudia. Safari hii hakuniangalia.

"Cha tatu," akasema.

"Una hakika?"

"Cha tatu. Kuna kitu kimefungiwa humo. Kama kabati lililokaa bila kufunguliwa."

"Vyote ni kahawa moja," nikamwambia. "Nimekutilia kutoka mfuko mmoja. Hakuna cha tatu wala cha kwanza."

Akaonja tena, polepole, mara moja kila kimoja. Halafu akaweka kijiko mezani.

"Basi nilikuwa nabahatisha."

"Afadhali ulijue hapa kuliko ukalijulie kule."

"Ndiyo," akasema. "Afadhali hapa."

Hakugomba. Kama angegomba ningejua la kufanya, maana kugombana tunakujua. Aliinuka akaenda chumbani, nikasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, halafu cha pili. Nilijiambia nimemwokoa. Nilijiambia hivyo kwa sauti.

Nikaanza kusafisha meza. Kahawa iliyobaki sikuimwaga, kwangu hakuna kinachomwagwa. Watu husema nina mkono wa birika nami sijawahi kubisha. Nilikunywa mabaki ya kikombe cha kwanza, nikanywa ya cha tatu. Sikusikia tofauti yoyote. Ndipo nikachukua chupa ya chai ili niifunge, maana nilikuwa nimeiacha wazi, na nikajiuliza kwa nini iko wazi.

Ilikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimeitumia. Maji yanayobaki kwenye birika jioni huwa nayatia kwenye chupa, yakakaa humo mpaka asubuhi, ili nisiunguze gesi mara mbili kwa maji yale yale. Asubuhi hiyo nilichemsha kidogo ili nisichelewe, yakatosha vikombe viwili. Cha tatu nikakimalizia kwa maji ya chupa, niliyoyapasha moto kidogo. Sikulifikiria hata kwa nukta moja. Ningeambiwa niape, ningeapa kwamba vikombe vyote ni sawa, kwa sababu kwangu mimi maji ni maji. Niliinamisha pua kwenye mdomo wa chupa. Kizibo kilinuka mpira mkongwe na mvuke wa siku nyingi. Kabati lililokaa bila kufunguliwa.

Nilikimbia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na soksi, koti bado mwilini, ameweka mikono magotini.

"Ni maji," nikamwambia. "Cha tatu nilikitia maji ya chupa. Ulipatia. Ulikuwa umepatia, mume wangu, mimi ndiye niliyekosa."

Aliinua kichwa.

"Chupa ipi?"

"Ile ya bluu."

"Ile haijawahi kuwa nzuri," akasema.

"Nisamehe. Na uvae viatu. Saa tatu na robo hii."

Alivaa. Nilimfunga kamba za kiatu kimoja huku yeye akifunga za kingine, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya hata tulipokuwa vijana, na tulifika mlangoni tukiwa tunacheka wote wawili. Alichukua kijiko chake mezani, akasema akipata kazi ataninunulia chupa mpya. Nikamwambia akipata kazi sitaki chupa, nataka gesi. Nikasimama nikamwangalia akipita kona, anatembea kwa kasi, kijiko kikigonga funguo mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu yale mafua sikuwa na hofu yoyote. Nilipunguza suruali tatu bila kukosea mshono.

Alirudi saa saba na nusu. Alivua koti akalitundika vizuri, mabega yake yakae sawa, na kwa jinsi alivyochukua muda kulitundika nikajua.

"Nane," akasema.

"Nane kati ya kumi?"

"Nane kati ya kumi."

Nilisogeza kitambaa nikampa kiti. Akakaa. Nikamwambia kwamba nane ni nyingi, kwamba kuna vijana wenye pua mpya ambao hawafiki nane, na yeye akaitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayepokea pole za mazishi.

"Walikuwa na adabu," akasema. "Walinipa chai."

"Ulikosa ipi na ipi?"

"Ya nne ilinishinda kwa haki. Sikuisikia kabisa. Hata sasa wakiniwekea tena nitakosa."

"Na nyingine?"

Akaangalia mikono yake.

"Ya saba niliijua. Kikombe cha katikati, hata hakikunisumbua. Nikaandika kwenye karatasi yao. Halafu nikafuta."

"Kwa nini ufute?"

"Nilifikiri labda na wao wameweka vyote kahawa moja."

Hakusema kwa uchungu. Nilimuuliza, naye akanijibu.